Jina Katika Kitabu cha Kodi

Ogari alikuwa amekwisha kupanda miche kumi na miwili ya mikaratusi, na wa kumi na tatu ameushika mkononi, jirani yake Machogu alipovuka mpaka na kusimama mbele yake bila salamu. Ilikuwa asubuhi ya mwezi Machi, mwaka wa 1952, siku ya pili tangu mvua kuanza kunyesha katika vilima vya Marani. Ogari alikuwa fundi seremala, mtu wa kupima kila kitu, na alikuwa amefunga uzi kutoka pembe moja ya shamba hadi nyingine ili miti yake isimame katika mstari ulionyooka.

"Bwakire, Machogu," alisema.

Machogu hakuitikia. Aliutazama uzi, akautazama mche, kisha akainama na kuung'oa mti wa kwanza kwa vidole viwili, kama mtu anayetoa unyasi kwenye mboga.

"Mahindi nilinyamaza," alisema. "Wimbi nilinyamaza. Migomba nayo nikasema, mwacheni, ana mtoto wa kulisha. Lakini mti, Ogari? Mti ni wa mwenye nchi. Omomenyi hapandi miti."

Neno hilo Ogari alilijua kama mtu anavyoujua ukoma: alikuwa amelisikia likitajwa kwa watu wengine. Omomenyi ni mtu aliyekaribishwa kukaa katika ardhi isiyo yake. Hupewa pa kujenga na pa kulima, akazaa, akazeeka, akazikwa. Lakini siku atakapoambiwa aondoke, yeye au mwanawe au mjukuu wake, hana la kujibu.

"Nani omomenyi?"

"Kamuulize mama yako."

"Baba yangu amelala pale nyuma ya nyumba. Ulikuwapo tukimzika. Ulishika jembe kwa mikono yako."

"Nilishika. Marehemu mzee wetu alikuwa ametukataza neno hilo lisitamkwe katika uwanja wenu. Alimpenda baba yako." Machogu aliuweka ule mche juu ya tuta, taratibu, asiuvunje mizizi. "Sasa naye hayupo. Nami nina wana watano, na kilima hiki hakizai kilima kingine."

Alisema hayo bila hasira, na kule kukosa hasira ndiko kulikomtia Ogari baridi moyoni.

Wiki haikupita samansi ikaja. Katika korti ya wazee, mwenyekiti wao, mzee mmoja wa maneno machache aitwaye Ombati, aliwasikiliza wote wawili, kisha akawakatalia wote wawili. Mashahidi wa Machogu walikuwa ndugu zake, na ndugu hushuhudia tumbo lake. Ogari naye hakuwa na shahidi yeyote.

"Ogari, mwana wa Momanyi," alisema Ombati, "hao wazee waliokuwa watu wazima wakati baba yako anajenga wamekwisha kwenda. Lete babu zako watatu. Watajwe kwa majina, ijulikane walizaliwa wapi. Lete karatasi kama ipo, au mtu asiyekula katika chungu chako wala cha Machogu. Wiki sita."

* * *

Nyamusi, mama yake Ogari, alikuwa ameketi kizingitini akipepeta wimbi. Mkewe Ogari, Loice, alikuwa akikoroga uji, nao binti yao Kemunto alikuwa shuleni. Ogari aliketi juu ya kigoda, akatoa penseli nyuma ya sikio na daftari lake la vipimo.

"Mama, baba alikuwa Momanyi. Momanyi mwana wa nani?"

Ungo ulipanda ukashuka.

"Baba mkwe hatajwi na mke wa mwanawe. Wewe umesoma, hujui hata hilo?"

"Basi nieleze bila kumtaja. Alizaliwa kilima gani?"

"Sikumkuta hai."

"Na kaburi lake?"

"Ogari, mimi niliolewa na mtu. Sikuolewa na makaburi." Alipuliza makapi, yakamwangukia mwanawe magotini. "Mwambie huyo Ombati tumekaa hapa miaka thelathini na mitatu. Ahesabu mwenyewe."

"Hataki miaka, Mama. Anataka majina."

Nyamusi aliinuka, akaingia ndani na ungo wake, ingawa wimbi lilikuwa halijapepetwa hata nusu.

Loice alisubiri mpaka kikongwe ametoweka. Alikuwa mwanamke wa kusema jambo mara moja tu. "Baba Kemunto, mtoto wangu yuko chini ya ardhi hii. Siendi popote." Kifunguamimba wao alikuwa wa kiume, wakamwita Momanyi kwa kumrithisha jina la babu yake, lakini surua ikamchukua kabla hajajifunza kutembea. "Kama mama hasemi, vitabu vitasema. Serikali iliandika kila mtu. Nenda ukatafute."

* * *

Alianzia misheni alikobatizwa. Katekista alimweka barazani tangu saa tatu hadi saa saba, akampita mara nne akiwa na funguo mkononi, na mara ya tano akamuuliza kama ni yeye aliyeletwa kutengeneza mabenchi. Ogari aliposema amekuja kutafuta babu zake, katekista alicheka hadi akashika ukuta.

"Babu zako? Humu tunaandika waliookoka, fundi. Babu zako watakuwa wapi humu?"

Hata hivyo alikifungua kitabu. Mwaka wa 1929, jina: Ogari. Baba: Momanyi, mpagani. Mama: Nyamusi, mpagani. Hapakuwa na zaidi. Ogari alishukuru kwa heshima zote, na kwa kuwa alikuwa pale na vyombo vyake, akamkazia katekista mguu wa benchi moja uliolegea.

Siku ya pili alitembea hadi mjini Kisii, kwenye ofisi za serikali. Karani kijana, nywele zake zimechanwa njia upande, alimwacha asimame mbele ya meza mpaka alipomaliza chai. Ogari alieleza shida yake. Karani akatabasamu kidogo.

"Kodi ya nyumba, kilima kile kile, mwaka ule ule? Wewe ni wa pili mwezi huu. Mwenzako alikuja na jogoo."

Hakuwa na jogoo. Alisimama. Mwishowe karani, labda kwa kuchoka kumwona, alikileta kitabu kikuukuu chenye jalada lililoliwa na mende, akakigeuza ili Ogari asome mwenyewe.

Kilikuwa cha mwaka wa 1921. Mwandiko ulikuwa mzuri mno, herufi zimeinama zote upande mmoja kama majani kwenye upepo. Nyumba ya kwanza na ya pili zilikuwa za baba yake Machogu, mzee wa kijiji wakati huo. Nyumba ya tatu, imelipiwa. Na mahali pa jina la mwenye nyumba, paliandikwa: *Omomenyi*.

Ogari alilisoma mara tatu. Aliweka ukucha wake chini ya neno, kama anavyoweka chini ya alama ya futi. Halafu moyo wake ukaruka. Momanyi, Omomenyi! Herufi ya kwanza imezidi, na a imekuwa e. Karani aliyeandika hakuwa Mgusii. Alilisikia jina la baba yake vibaya, akaliandika vibaya. Ni kosa la kalamu. Machogu amejenga kesi yake yote juu ya kosa la kalamu!

"Nani aliandika hiki?"

Karani kijana aligeuza hadi ukurasa wa mwisho. Chini palikuwa na saini: *Jeconia Ouko, karani*.

"Mzee huyu bado yu hai," alisema. "Yuko Mosocho, bintiye ana duka. Akikushika kwa hadithi hutoki hadi kesho."

* * *

Jeconia Ouko alikuwa Mjaluo mrefu, amevuka sitini, kichwa cheupe. Aliletwa Kisii na kazi kutoka kando ya ziwa, na kazi ilipokwisha akawa amesahau kurudi. Alikuwa ameketi nyuma ya duka la bintiye, Benta, akijisomea gazeti la mwezi uliopita. Alifurahi kupata mgeni kuliko ilivyostahili.

"Kitabu cha ishirini na moja! Benta, sikia, kuna mtu amekuja kwa ajili ya kitabu changu cha ishirini na moja! Lete chai."

"Mwandiko wako ni mzuri, mzee," alisema Ogari, na hakuwa akimpaka mafuta.

"Mwandiko ndio nilikuwa nao. Lugha sikuwa nayo. Ninyi Wagusii mlinitesa! Nafika kwenye boma la mtu, namwona mtoto mlangoni, namuuliza kwa Kiswahili: 'Mwenye nyumba hii nani?' Mtoto anaonyesha ndani: 'Baba.' Naandika, baba yumo, alipe. Naita, anatoka mwanamke na mwiko! Tena na tena. Nilitoza kilima kizima kabla mtu mmoja hajaniambia kwamba kwenu *baba* ni mama."

Benta, aliyekuwa akimimina chai, alicheka ingawa bila shaka alikuwa ameisikia mara mia. Ogari naye alicheka, akajisikia mwepesi; maana karani aliyeweza kukosea mama kwa baba angeshindwaje kukosea herufi mbili? Alitoa daftari lake na kuonyesha maneno mawili aliyoyaandika, moja juu ya jingine.

"Mzee, hapa uliandika hivi. Lakini jina la baba yangu lilikuwa hivi. Ulikosea, sivyo?"

Jeconia alivaa miwani. Aliyatazama maneno yale kwa muda, na kicheko kikamtoka usoni kidogo kidogo, kama maji yanavyoingia mchangani.

"Ulisema ni kilima gani?"

Ogari alimwambia tena.

"Nyumba ndogo, imeezekwa upya, nyasi bado za kijani. Mwanamke kijana ana mtoto mgongoni. Mtoto huyo ndiye wewe?"

"Ndiye mimi."

"Nyathina," alisema mzee, na hakujua kwamba amemwita mwanangu kwa Kijaluo, "sikukosea kuandika. Nilikosea kusikia maana. Mzee wa kijiji alisimama pamoja nami. Nikamuuliza, huyu nani? Akajibu: 'Omomenyi.' Nikaona ni jina, nikaandika. Mwaka uliofuata nikafungua kitabu changu, nikaita kwa sauti mbele ya watu wote: 'Omomenyi!' Watu wakaanguka kwa kicheko. Mimi sikuelewa. Lakini baba yako akaja mbele, akalipa, akasema, 'Nipo.' Mwaka wa tatu, vivyo hivyo. Mwaka wa nne aliponipa kodi yake aliniinamia karibu akasema, taratibu: 'Karani, mimi ni Momanyi.' Nami nikadhani ananisahihisha matamshi."

Chai ilikuwa imepoa mikononi mwa Ogari.

"Ni wewe uliyempa jina," alisema.

"Nimekaa nikilifikiria nilipokwisha kuijua lugha. Ndiyo. Nilimpa tusi, naye akalichonga chonga mpaka likafanana na jina la mtu."

"Na kabla ya hapo aliitwa nani?"

Jeconia alivua miwani.

"Sikuuliza."

Nje, Benta alikuwa akimpimia mteja sukari, wakibishana juu ya mizani. Ogari alimfikiria mwanawe mchanga, aliyeshushwa kaburini akiwa amebeba neno lile kama urithi.  Kisha akasema jambo ambalo hakuwahi kudhani angelisema mbele ya mtu mwenye mvi.

"Mzee, kama ukiulizwa kortini, ukisema kalamu yako ilikosea, nani atakupinga?"

"Hakuna. Walionisikia wamekufa."

"Nina mke. Nina binti. Mama yangu ni mzee."

Jeconia alikunja gazeti lake mara mbili, halafu mara nne. "Kalamu yangu imekosea mengi yasiyo na faida kwa mtu," alisema. "Nitakuja."

* * *

Ogari alimweleza mkewe peke yake, kisimani, wakisubiri mtungi ujae.

Loice aliuondoa mtungi maji yalipoanza kufurika. "Basi mwache mzee wa watu aseme," alisema. "Mungu akiuliza, nitajibu mimi."

"Na mama?"

"Mama usimwambie kitu. Aliyoyanyamazia miaka yote hii, ayanyamazie wiki mbili zaidi."

Walimficha hivyo. Nyamusi naye hakuuliza kitu juu ya safari za mwanawe. Aliacha kupepeta kizingitini. Alikuwa akikaa nyuma ya nyumba, upande wa kaburi la mumewe, na alipoitwa kula alikuja akiwa na majani ya mforosadi begani, kama mtu aliyekaa mahali pamoja tangu asubuhi.

* * *

Siku ya korti watu walijaa hadi nje ya mlango. Machogu alisimama wa kwanza, akasimulia kwa ufupi: baba yake alimkuta mtu njiani na mkewe mjamzito, hawana hata chungu, akawahurumia, akawapa pa kukaa. Akamwomba karani wa korti asome nakala ya kitabu cha kodi. *Omomenyi.* Watu waliguna.

Kisha akaitwa Jeconia Ouko. Alikuja amevaa koti lake la zamani la serikali, vifungo vyote vimefungwa hadi kooni.

"Mzee, uliandika hilo?" aliuliza Ombati.

"Niliandika."

"Ulimaanisha nini?"

"Bwana mwenyekiti, mwaka ule nilikuwa sijui Kigusii hata cha kuombea maji. Nilitoza kodi wanawake nikiwadhani wanaume, kwa sababu watoto waliniambia 'baba'." Watu walianza kucheka. "Nilimwandika mtu mmoja 'Tata', kumbe mwanawe alikuwa akimwita baba yake; mwingine 'Tiga', maana nilimuuliza jina akaniambia tiga, niache! Sasa mtu anasema Momanyi, nami naandika Omomenyi, hilo nalo la kushangaza?"

Korti nzima ilivunjika mbavu. Hata askari mlangoni alifuta macho. Ombati mwenyewe aliinamisha kichwa, mabega yakimtikisika. Ogari alimtazama mkewe kati ya wanawake, akamwona amefumba macho, midomo yake ikitembea. Mambo yalikuwa yamegeuka, na kila mtu aliona hivyo.

Machogu alingoja kicheko kiishe. Hakupandisha sauti.

"Mzee wetu ametuchekesha, ashukuriwe. Lakini yupo mtu mmoja aliyekuwa katika nyumba ile ya tatu siku ile. Yupo hapa. Mimi sina neno jingine. Mama Nyamusi ale udongo wa mpaka, aseme mumewe alizaliwa katika kilima kile. Akisema, nitapanda hiyo mikaratusi pamoja na Ogari kwa mikono yangu."

Kicheko kilikwisha kabisa. Kiapo cha udongo hakikuwa mchezo. Aliyekila kwa uongo, waliamini, udongo ule ule ungekuja kuwadai watoto wake na wa watoto wake, mmoja baada ya mwingine.

"Mama, unaweza kukataa," alisema Ombati.

Nyamusi alikwisha kusimama. Alipita katikati ya watu akishika mabega yao. Ule udongo uliwekwa mbele yake juu ya jani la mgomba. Aliuangalia, hakuugusa.

"Mume wangu hakuwa Momanyi," alisema.

Ogari alisikia mtu akilia "Mama!" na baadaye akatambua kuwa ilikuwa sauti yake mwenyewe.

"Aliitwa Onsase. Onsase mwana wa Oigo." Aliposema jina la pili alijiziba mdomo, kisha akaushusha mkono wake. "Nimetaja baba mkwe wangu, wanisamehe walio huko. Oigo mwana wa Marwanga. Marwanga mwana wa Keengwe. Walizaliwa upande wa Nyamira, juu ya mto. Wazungu walipopigana walimchukua mume wangu akawabebee mizigo mpaka nchi ya Wajerumani. Mwaka mmoja, miwili, ikaja habari kwamba amekufa. Tukanyoa nywele. Wakachimba kaburi, wakazika mgomba mahali pake, kwa kuwa mwili haukuwapo. Nililia mpaka sauti ikanikatika. Ndugu zake wakagawana shamba lake, na mmoja akaambiwa aingie nyumbani kwangu. Halafu jioni moja akaja anatembea."



"Watu walikimbia. Mama yake mzazi alijifungia ndani. Wazee wakasema aliyekwisha kuliliwa haingii nyumbani bila kutakaswa, na wa kutoa mbuzi hakuwapo. Shamba limekwisha kukatwa, nani alirudishe? Akaniambia, tuondoke. Njiani akasema, 'Onsase wamemzika, usimwite tena.' Sikumwita. Miaka kumi na tisa hadi alipokufa sikumwita. Nilimlilia mara ya pili kwa jina lisilo lake." Alimgeukia Ombati. "Sasa mnaniambia nile udongo kwamba hakuzaliwa na Oigo? Ndugu zake walimzika mara moja. Mwanawe naye amzike?"

Ombati aliondoa kofia yake mezani akaivaa, halafu akaivua.

"Mama, umejiangusha mwenyewe," alisema kwa upole.

"Najua."

Hukumu haikuchukua muda. Ardhi ni ya Machogu. Nyumba ya Ogari itakaa mpaka wimbi livunwe. Kuhusu Jeconia, mwenyekiti alisema karani mzee arudi Mosocho akapumzike, maana kalamu yake imechoka. Jeconia alitoka akiwa amejishika kifungo cha juu cha koti, na hapana aliyecheka.

* * *

Njia nzima ya kurudi Ogari alitembea mbele. Mtoni alishindwa kuzuia.

"Ningekuwa na shamba, Mama! Neno moja!"

"Ungekuwa na shamba."

"Nawe ungekuwa na pa kuzikwa, kando yake."

"Nilifikiri hayo pia," alisema Nyamusi. Alikuwa ameketi juu ya jiwe, akiosha vumbi miguuni. "Nikafikiri, nikilala kando yake kwa uongo huo, nitamwambia nini?"

Loice hakusema neno kwa siku nane. Alipalilia wimbi kama kawaida, tuta kwa tuta, lakini aliacha nyasi kiasi cha urefu wa mtoto mchanga mahali palipokuwa na kaburi dogo, akapazungushia mawe. Siku ya tisa alimwambia mumewe, "Una babu watatu sasa. Nenda ukaone kama wana ardhi."

* * *

Alikwenda na mama yake baada ya mavuno, Loice na Kemunto wakibaki kwa wazazi wa Loice na vitu vichache vya nyumbani. Walitembea siku mbili, kwa kuwa Nyamusi alipumzika mara nyingi. Vilima vya Nyamira vilikuwa vimebadilika, alisema. Misitu aliyokusanyia kuni imekuwa mashamba. Lakini alipofika juu ya mto aliacha njia kuu bila kuuliza mtu, akashuka katikati ya migomba hadi kwenye uwanja uliofagiwa vizuri.

Mwenye uwanja alikuwa mwana wa nduguye Onsase, mtu wa umri wa Ogari, mwenye paji lile lile la uso. Aliwapokea kwa adabu. Mkewe alileta maziwa ya kibuyu. Ogari alitaja majina yake yote, kutoka kwa Keengwe kushuka chini, bila kuruka hata moja, na mwenyeji alitikisa kichwa kwa kila jina akikubali. Walipofika kwa wana wa Oigo aliyapokea masimulizi mwenyewe, kama mtu aliyefundishwa tangu utotoni: "Oigo alizaa wana wanne. Wa kwanza baba yangu. Wa pili Onsase, aliyekufa vitani, hakuacha mtoto. Wa tatu..."

Alisita. Alimtazama Ogari, akatazama chini.

"Ndivyo tulivyofundishwa," alisema.

Hakuwa mtu mbaya. Aliwaita wazee wawili waliobaki, wakaketi naye chini ya ukingo wa nyumba kwa muda mrefu. Aliporudi, alizungumza na Nyamusi, wala hakumtazama mwanawe.

"Mama, wewe tunakujua. Tulikulipia ng'ombe, nao hawajarudishwa. Wewe ni mke wa Onsase." Alionyesha kwa mkono. Nyuma ya ghala, palipozikwa mgomba mwaka wa 1918, palikuwa na mwinuko mdogo wa ardhi, umeota majani, na kando yake nafasi ya kutosha mtu mmoja, haijalimwa kamwe. "Mahali pako papo. Hakuna aliyepagusa. Kaa nasi, siku yako ikifika utalala hapo, na wana wetu watakulilia kama mama yao."

"Na mwanangu?"

Mwenyeji alikwaruza ardhi kwa kidole cha mguu.

"Ardhi ya Onsase ilikwisha kugawanywa mara mbili, kwa baba zetu na kwetu. Wazee wanasema, mtu aliyefia vitani hazai mwaka wa pili. Huyu tutamwita mwana wa nani?"

Nyamusi alikwenda nyuma ya ghala peke yake. Ogari alimwona akiinama juu ya ule mwinuko, akang'oa magugu machache kwa mazoea, kama anavyofanya mwanamke yeyote kaburini kwa mumewe. Halafu akakumbuka ni nani aliyelala pale, akayaachia. Alisimama akiipima kwa macho ile nafasi tupu. Ilikuwa nzuri, kavu, na jua la asubuhi lilikuwa likiifikia.

Aliporudi aliketi, akanywa maziwa yote yaliyobaki kwenye kibuyu, akashukuru kwa jina mama wa nyumba ile. Kisha akafunga nguo yake kiunoni.

"Mjini Keroka kuna kazi ya useremala?" alimuuliza Ogari.

"Ipo, Mama. Maduka yanajengwa. Lakini ni chumba cha kupanga tu, nyuma ya maduka. Hakuna hata pa kuotesha kitunguu."  "Baki hapa, nakusihi. Angalau mmoja wetu apate pake."

"Watu hawa wamekwisha kunionyesha nitakapolala nikifa. Wewe niambie nitakapolala leo."

Machozi yalimtoka Ogari mbele ya wenyeji. Nyamusi aliuinua mzigo wake mwenyewe, akauweka kichwani, akamgusa mwanawe bega.

"Usinililie bado," alisema. "Wewe unatoka ukoo wa watu wanaolia mapema."

Akatangulia kupanda kilima kuelekea barabarani.